Ng'onda Ndani ya Kaniki

Mpaka leo siwezi kumpita mtu anayeuza mafuta ya ufuta nikaendelea na safari yangu. Lazima nisimame. Pale sokoni Mtwara kuna mama mmoja anayeyapanga kwenye chupa za maji, na mteja akija anafungua kizibo ili anuse, ahakikishe hayakuchanganywa na kitu. Kila akifungua, mimi nahisi uso unawaka, mwanamke mzima mwenye wajukuu saba. Yeye anadhani nasita kununua. "Nusa tu, bibi," huniambia, "kunusa hatulipishi." Nanusa, nachukua chupa ndogo, naondoka bila kumtazama machoni.

Harufu ile ni ya babu yangu mzaa baba, Saidi Nalinga. Wazee wengine walijipaka mafuta ya nazi, yeye ufuta. Alisema nazi ikiingia baharini inamwacha mtu hapo hapo, lakini ufuta unang'ang'ania ngozi, na muogeleaji aliyepakwa vizuri hasikii baridi mpaka afike. Alikuwa na miaka themanini na kitu, goti moja bovu, na tulikaa kijiji ambacho kutoka hapo hadi baharini ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mwenye miguu mizuri. Hata hivyo kila Ijumaa alioga, akajipaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, kama mtu anayeitwa majini muda wowote.

Nataka niwaeleze nilichomfanyia. Nyumbani kwangu hawajakijua, au niseme wanakijua kwa namna yao, na namna hiyo inawachekesha sana. Ninyi mtanisikiliza bila kucheka, natumaini.

Babu alizaliwa mdomoni mwa Ruvuma, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari na yanachukua muda kukubaliana. Chuo cha Kurani kilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari. Watoto wenzake walisubiri maji yatoke wapite kwenye matope ya mikoko, na wakachelewa, na wakachapwa. Yeye subira hakuwa nayo. Alifunga nguo zake kichwani, akainua ubao wake wa kuandikia juu ya maji kwa mkono wa kushoto ili wino wa aya za siku ile usifutike, akalala ubavu, akapiga mkono mmoja tu mpaka ng'ambo. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuogelea, na hakujua namna nyingine maisha yake yote.

Alipokuwa kijana alikwenda Mikindani kubeba mizigo forodhani. Wajerumani walikuwa na sikukuu ya mfalme wao, na siku hiyo walikimbiza watu mbio, wakawavutisha kamba, na mwisho wakawashindanisha waogeleaji kutoka kwenye boya katikati ya ghuba mpaka ngazi za forodha. Mwaka wa kwanza waliingia askari watatu, mabaharia wawili na babu. Ufukwe mzima ulimcheka, maana alikwenda ubavuubavu, mkono wa kushoto kauinua juu kama bado ameshika ubao. Akatangulia kufika. Alipopanda ngazi, mkono ule ulikuwa mkavu mpaka kiwikoni, na bwana mmoja wa Kijerumani aliushika, akaugeuzageuza, akawaonyesha wenzake. Mwaka wa pili walimletea baharia wa meli ya serikali, naye akaachwa nyuma. Mwaka wa tatu wakampa nishani.

Baadaye ikaja vita, akachukuliwa upagazi, akarudi na goti lile. Zama za Mwingereza aliingia tena majini kushindana mara moja, watu wazima na vijana pamoja, akawa wa tatu. Hilo nalo alilisimulia, tena kwa furaha ile ile, akiwataja waliomshinda na jinsi mmoja wao alivyopumua vibaya. Nilipaswa kujua hapo kwamba mzee huyu hadanganyi. Anayetunga sifa zake hajiweki nafasi ya tatu.

Alisimulia alasiri, tukiwa barazani tunabangua korosho, vidole vyeusi. Nami kazi yangu ilikuwa kumharibia. Mnajua mambo ya babu na mjukuu. Mimi nilikuwa mke wake. Aliniita hivyo mbele ya kila mtu, kwa kile Kiswahili chake kilichokaa na Kimakonde miaka mingi: "Nke wangu, lete maji. Nke wangu, nani kakununisha?" Mimi nikamjibu kwamba sikuolewa na mtu asiye na meno, niliolewa na kijana, huyu mzee wamenibadilishia. Akifika kwenye boya la Mikindani, namwambia, "Hapo ndipo ulipopitwa na kaa." Yeye anashika kichwa, anawaambia majirani ameoa kisirani. Watu wanacheka, hadithi inaendelea pale ilipoishia. Na kwetu sheria ilikuwa moja tu: anayenuna kwenye utani ndiye aliyeshindwa, na aibu inakuwa yake.

Nishani nilikuwa nimeiona. Nawaomba mshike hilo.

Bibi alikuwa amekwishafariki, na mimi ndiye niliyefagia chumba cha babu na kumsugua goti. Siku moja alivuta kasha chini ya kitanda, akatoa fundo la kaniki lililoiva kwa mafuta, akalifungua mapajani pangu. Kipande cha duara cha madini, kizito, chenye ndege aliyetanua mabawa, kimetobolewa juu. Alikuwa akikipaka ufuta kila mwaka kisishike kutu. Tangu Mwingereza aingie hakukionyesha kwa mtu, kwa sababu siku zile waliokutwa na vitu vya Mjerumani waliulizwa maswali mengi. Baada ya hapo ikawa mazoea. Wanawe walikisikia tu masikioni. "Nawe usiseme," aliniambia. "Mambo ya nke na nne haya." Yaani mke na mume. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna kitu nilichowahi kupewa kilichonifanya nijione mkubwa kama siri ile.

Kisha tukahamishwa kutoka pwani. Lori lilikuja, likapakia vitanda, vinu, kuku na babu, likatushusha bara, upande wa Ziwani, kwenye kijiji cha ujamaa chenye barabara zilizopimwa kwa kamba. Sitawadanganya, mimi nilikipenda. Kulikuwa na shule karibu, zahanati, na wasichana wengi wa rika langu. Babu alimuuliza dereva bahari iko wapi. Dereva alionyesha kwa kidevu. Babu akaweka kiti chake upande huo wa baraza, na hapo ndipo alipokaa miaka miwili bila kuyaona maji ya chumvi, kwa sababu ya goti.

Mwaka wa pili, kabla ya Saba Saba, mwenyekiti wa kijiji alikuja kwetu amevaa kofia yake ya mikutano. Alisema sikukuu ile vijana watashindana kuogelea Mtwara mjini, na wilayani wanamtafuta mzee aliyekuwa bingwa zamani, afungue mashindano. Ataingia baharini mpaka kiunoni, apige ngoma mara moja, vijana waanze. Mwenyekiti alikuwa amelipeleka jina la babu. Bwana Utamaduni wa wilaya angekuja mwenyewe baada ya siku tatu kumsikiliza, na ikiwa ni kweli, gari lingemfuata, pamoja na mtu mmoja wa kumshika mkono.

Babu aliuliza jambo moja tu. "Mpaka kiunoni?"

"Mpaka kiunoni, mzee. Hata ukitaka kifuani."

Siku tatu zile alikuwa mtu mwingine. Aliniamuru niipige pasi kanzu yake, nikaipiga, akasema ina mkunjo, nikairudia. Alihesabu mwezi kwa vidole ili ajue Saba Saba maji yatakuwa yamejaa saa ngapi. Alikula kidogo na kucheka peke yake. Nami nilikuwa nimekwishawaambia wasichana wote wa darasa la nne kwamba nitapanda gari la serikali, na mmoja niliyegombana naye nilimwambia mara mbili. Nani mwingine angemshika mkono? Goti lake nililijua kuliko alivyolijua daktari wa zahanati.

Jioni ya kuamkia siku ya mgeni, nikiwa namsugua, akasema, "Nitafuatana na Shaibu."

Shaibu ni binamu yangu, mtoto wa ami yangu, tuliyekaa naye ua mmoja. Alikuwa na miaka kumi na mbili, na hakuwahi kumpelekea babu hata kata ya maji mpaka aitwe mara tatu.

"Kule watakuwa wanaume watupu," akaendelea babu, "na mimi nitavua kanzu. Ntoto wa kike atakaa wapi? Wewe nke wangu nitakuletea bahari kwenye chupa."

Alinitazama akingoja nimjibu. Siku zote nilikuwa na jibu. Siku hiyo nilifunika kibuyu cha mafuta, nikatoka.

Bwana Utamaduni alifika siku ya pili, jua bado halijawa kali. Alikuwa kijana wa Bukoba, mrefu, mpole, ameingiza shati ndani ya suruali, na alimwamkia babu kwa heshima zote. Watu walikuwa wamerudi kutoka shamba mapema. Walijaa barazani na uani, wamama na mabakuli yao ya korosho, watoto juu ya kinu. Mwenyekiti alikaa karibu na mgeni. Mama yangu alileta mihogo ya kuchemsha.

Babu alisimulia. Sijawahi kumsikia akisimulia vizuri vile. Alikuwa amejipaka mafuta, kanzu imekaa sawa, na alipofika kwenye boya aliinua mkono wa kushoto. Bwana Utamaduni aliandika. Nami nikachomeka langu la kaa, watu wakacheka, babu akashika kichwa. Mgeni alitabasamu kidogo, akamtazama mwenyekiti kama anayeuliza kama mtoto anaruhusiwa kusema hivyo. Kwao huenda na wao wana utani na babu zao, sijui. Lakini alikuwa kazini, na daftari lilikuwa wazi mapajani.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nakuamini. Shida ni kwamba huu ni mwezi wa pili nazunguka, na wazee watatu wamekwishaniambia kila mmoja kwamba bingwa ndiye yeye. Nikirudi ofisini wataniuliza. Hakuna kitu chochote cha kuonyesha?"

Babu alitazama mlango wa chumba chake. Nilimwona anafikiri, kisha nikamwona anaamua. Alinigeukia mbele ya kijiji kizima. "Nke wangu," akasema, "nenda ukalete ile."

Niliingia ndani. Nilivuta kasha, nikatoa fundo la kaniki, nikalifungua nihakikishe. Nishani ilikuwa baridi, inateleza kwa mafuta. Niliishika, jamani. Niliishika kwa viganja viwili. Na ukuta wa udongo hauzuii maneno, nikamsikia Bwana Utamaduni akiuliza nani atakayemsindikiza mzee, na babu akijibu kwa sauti ya kujivuna, "Huyu hapa, Shaibu, mjukuu wangu wa kiume."

Nikaiweka nishani chini ya nguo, mwisho kabisa wa kasha. Nikaenda jikoni. Juu ya mafiga, kwenye uchaga wa moshi, mama alikuwa amening'iniza ng'onda mmoja, samaki mkavu aliyepasuliwa na kutiwa chumvi, kajikunja, macho yamemtoka. Nilimfunga kwenye ile kaniki, nikapiga fundo lile lile. Nikatoka nje taratibu, nikapiga magoti mbele ya babu kama tulivyofundishwa, nikampa kwa mikono miwili.

Alipolipokea alijua. Mtu aliyeishika nishani miaka sitini anaujua uzito wake. Mikono yake ilisimama kidogo. Angeweza kuliweka chini fundo lile bila kulifungua, lakini watu wote walikuwa wameinamia mbele, na mgeni alikuwa ameshika kalamu. Akafungua.

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena. Wamama waliangusha bakuli. Mwenyekiti alilala juu ya bega la jirani yake. Shaibu alitoka kwenye kinu, akabingirika mchangani. Nami nilisimama katikati yao nikijisikia mrefu kuliko wote.

Babu alimtazama ng'onda. Akanitazama mimi. Halafu akamwinua yule samaki kwa mkia, akamwonyesha Bwana Utamaduni, akasema, "Huyu ndiye aliyeshika nafasi ya pili."

Watu wakafa upya kwa kicheko. Na babu alicheka kuliko wote, mdomo wazi, machozi yanamtoka, akijipiga paja lile lenye goti bovu.

Mgeni hakucheka. Alifunga kalamu yake. "Mwenyekiti," akasema kwa upole, "nimetoka mjini kwa kazi ya serikali."

Mwenyekiti alijifuta uso haraka. Alimweleza kwamba huyu ni mjukuu, yeye na babu yake ni watani, hapa hajadharauliwa mtu. Kisha akanigeukia. Hakuwa anacheka tena.

"Somoe," akasema, "utani tuuweke pembeni sasa. Nakuuliza mimi, mwenyekiti wako. Nishani ipo?"

Hadi hapo, ndugu zangu, nilikuwa bado mtoto mtundu. Hadi hapo ningeweza kukimbia ndani nikailete, na kicheko kingekuwa kitamu maradufu. Mlango niliachiwa wazi kabisa. Nilimtazama Shaibu, ana mchanga nyweleni, bado anatabasamu, mtu wa kupanda gari.

"Haipo," nikasema.

"Umewahi kuiona?"

"Sijawahi kuiona."

Nilitegemea babu ainuke. Nawaambia ukweli, kuna sehemu yangu iliyotaka ainuke, aingie chumbani akiburuta goti, atoke nayo, nami nichapwe na mama mpaka nichoke, iishe. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Alinitazama. Halafu mikono yake ikaachia kiti, ikarudi mapajani kwa ng'onda.

"Basi," akasema, "ntoto kakwisha kusema."

Bwana Utamaduni alimshukuru kwa mihogo. Akasema tutawasiliana. Hata sisi watoto tulijua maana ya tutawasiliana.

Babu hakuninunia. Sikujua kwamba hilo ndilo lingeniuma. Jioni alimwambia mama amuunge yule ng'onda kwa nazi, na tulipokaa mkekani alitenga kipande cha tumboni, kile kinono, akakisukuma upande wangu wa sinia. "Kula, nke wangu." Nilikitia mdomoni, kikakaa hapo. Kesho yake aliniita nimsugue goti. Akasimulia habari za upagazi, za simba, za mwaka wa njaa. Kilichobadilika ni kwamba hakufika tena Mikindani. Majirani wakimwomba awasimulie habari za boya, alisema, "Muulizeni aliyeshika nafasi ya pili," wakacheka, wakaridhika.

Saba Saba ilipofika, shule nzima ilipakiwa kwenye lori kwenda kuimba Mtwara, kuanzia darasa la tatu. Nafasi ilikuwa tele. Hata yule msichana niliyegombana naye alikwenda. Mimi nilisema tumbo linauma, nikabaki. Kijiji kilikuwa kimya. Babu alioga asubuhi, akajipaka ufuta kuanzia shingoni hadi nyayoni, akavaa kanzu niliyoipiga pasi mara mbili, akakaa kwenye kiti chake upande ule alioonyeshwa na dereva. Nilikaa nyuma yake nikibangua korosho. Jua lilipofika mahali fulani, akasema, si kwangu hasa, "Yamejaa sasa. Wanaingia." Na nikauona mkono wake wa kushoto ukiinuka kidogo kutoka kwenye paja, ukakaa hewani, ukashuka.

Ningesema wakati ule. Tulikuwa wawili tu. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Harufu ya mafuta ilikuwa imejaa baraza lote, na mimi nikaendelea kubangua.

Alikufa masika yaliyofuata, hajayagusa maji ya bahari. Mazishini wajukuu tulikuwa na haki yetu ya kumtania marehemu kabla hajatolewa ndani, na Shaibu alitokea ameshika fundo la kitambaa cheusi, akapiga magoti mlangoni, akalifungua, ng'onda. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Ilisemekana mzee angefurahi sana. Baada ya arobaini, ami yangu akasema kasha apewe mke mdogo wa marehemu, yaani mimi, na hilo nalo likachekesha. Nilikwenda nalo hadi nyuma ya nyumba. Niliitafuta nishani pale chini ya nguo nilipoificha, haikuwepo. Ilikuwa juu kabisa, imefungwa kwenye kaniki yake, imepakwa mafuta mapya.

Kwa hiyo aliitoa pale nilipoificha. Aliiona ilivyolala, akajua kwamba niliishika kabla ya kumfuata ng'onda. Akaipaka mafuta, akairudisha, akafunga mdomo wake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba babu alicheka kwa sababu sheria ya utani ilimfunga, na mimi nilikuwa mjanja kwa kujificha nyuma yake. Hiyo ni kweli kwa ng'onda. Lakini mwenyekiti aliuweka utani pembeni. Baada ya hapo hakuna kilichomfunga. Ilibidi niwe na watoto wangu, na siku moja nimkute mmoja wao anadanganya mbele ya watu, ndipo nikaelewa alichokuwa anakipima pale kitini. Kama angeinuka, bahari angeipata, na kijiji kizima kingejua kwamba mtoto huyu wa kike aliulizwa kwa dhati na mwenyekiti, mbele ya serikali, akadanganya. Alichagua yeye ndiye aonekane muongo. Alikuwa na muda mfupi sana wa kuchagua, na hakuwa na bahari nyingine ya kungoja.

Na muongo ndivyo alivyobaki. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya mjukuu wa Shaibu. Shaibu siku hizi anatembea na mkongojo, meno yamekwenda, na ile habari anaisimulia vizuri kuliko sisi wote. Aliwakusanya watoto alasiri uani kwangu. Alimwiga babu na mkono wake wa kushoto juu, akamwiga Bwana Utamaduni, akaniiga mimi nimepiga magoti. Watoto walishika mbavu. Nami nilicheka, kama ninavyocheka kila mara, mdomo wazi, najipiga paja. Nimekuwa hodari sana wa kicheko hicho. Najua nilikojifunza.

Mjukuu wangu mdogo, mwenye miaka tisa, anayeniita mke mwenza, alingoja wamalize. Kisha akauliza, "Kwani nishani haikuwepo kweli?"

"Wapi," Shaibu akamjibu kabla yangu. "Babu yetu alikuwa muongo mtamu tu, Mungu amrehemu."

Niliinuka. Magoti yangu nayo sasa ni mabovu. Niliingia chumbani, nikavuta kasha, nikatoa fundo la kaniki ambalo nimelipaka ufuta kila mwaka kwa siri. Nikatoka nalo nje taratibu, nikapita katikati ya watoto, nikapiga magoti mbele ya Shaibu kwa shida, nikampa kwa mikono miwili.

Wakaanza kucheka wote kabla hajalifungua.